Simu ya Chumba cha Rangi

Ule mngurumo uliowatoa watu majumbani Jumapili, wengine na mataulo viunoni, haukuwa wa boila kupasuka. Nimewaeleza majirani hivyo mpaka koo limenikauka. Boila letu zima, halina hata ufa. Kilichokuwa kinanguruma ni kiburi cha kaka yangu, kikitoka kwenye bomba la juu ya paa la kiwanda. Na kwa kuwa mimi na yeye ni tumbo moja, aibu yake nami nimegawiwa fungu langu, tena fungu nono.

Nianze na mama, maana pumzi iliyokuwa hatarini ni yake. Mama aliajiriwa kiwandani hapa tangu usichana wake, kwenye ukumbi wa kusokotea nyuzi, akivuta vumbi la pamba kutwa nzima bila kitambaa usoni. Vumbi liliingia na halikutoka. Sasa mapafu yamechoka, analala na mashine ya hewa kando ya kitanda, chombo cha ukubwa wa kabati dogo chenye mpira mwembamba unaoingia puani. Mashine ikizimika, mama hapigi kelele. Anageuza tu macho huku na huku, kama mtu anayetafuta alipoiweka miwani. Mimi siwezi kuyatazama macho yale.

Nyumba anayokaa ni ya kiwanda, na yangu pia, ukuta wa tatu kutoka kwake. Siku za kazi umeme wetu unatoka kiwandani. Jumapili, kiwanda kikipumzika, tunapewa umeme wa mjini.

Kiwanda chetu, niwaambie msiokijua, kinajitengenezea umeme na joto lake chenyewe. Tunachoma pumba za mpunga na maranda ya mbao, boila linachemsha maji, mvuke unakwenda kwanza kwenye mtambo, unauzungusha, umeme unatoka. Ukitoka hapo mvuke haujafa. Nguvu zimepungua lakini joto bado lipo, basi unapitishwa kwenye mabomba hadi chumba cha rangi, unachemsha mapipa makubwa ya kutilia vitambaa rangi, humo unapoa, unageuka maji, na maji yanarudi boilani. Moto mmoja, kazi mbili. Kaka yangu mkubwa ndiye msimamizi wa mtambo. Mume wangu ndiye msimamizi wa chumba cha rangi. Mimi nipo katikati yao, nabandika nembo kwenye majora na kusikiliza lawama za pande zote.

Kaka anatembea mtaani kana kwamba taa zetu zinawaka kwa ruhusa yake. Ovaroli yake nyeupe, imepigwa pasi, na nani anaipiga pasi msiniulize, mkewe ana mkono mzuri. Mume wangu hana ovaroli ya kupigiwa picha. Vidole vyake ndiyo tangazo la kiwanda: ukitaka kujua wiki hii tunatoa kitambaa gani, mtazame kucha. Kwa sababu hiyo, tangu alipokuja kutoa posa, kaka alimbandika jina la Dobi. Jina likanata. Watoto wa jirani humwamkia “shikamoo Dobi” na hawana nia mbaya, wanadhani ndilo jina lake.

Sasa sikilizeni Jumapili ile nyingine, iliyotangulia. Tulikuwa kwa mama, wageni wamejaa kumjulia hali, wamewekewa viti chumbani mle mle. Kaka akawaonyesha mashine ya hewa utadhani kaiunda kwa mkono wake, akasema mama yetu anapumua kwa jasho la mwanawe. Mume wangu ni mtu ambaye akisema leo tena mpaka mwakani. Siku hiyo alisema. Alisema taratibu tu kwamba hilo jasho ni la wengi, kwa sababu mapipa yake yasipoupokea mvuke, mtambo nao unasimama. Mvuke lazima uwe na pa kwenda. Ni kweli tupu, na kaka anaijua kuliko sisi sote, ndiyo kazi yake. Lakini kukumbushwa mbele ya wageni, tena na Dobi, hapo ndipo palipomchoma.

“Siku nitakayomhitaji dobi ili niwashe taa,” kaka akasema, “mvuke wangu nitautoa angani, wanywe ndege.”

Chumba kikaangua kicheko. Mama alicheka hadi akakohoa. Na mimi nikacheka. Sisemi nilitabasamu, wala sisemi kilinitoka kwa bahati mbaya. Nilicheka kwa sauti, mkono kifuani, kwa sababu kaka ni mchekeshaji na tangu utoto akisema jambo mimi ndiye wa kwanza kucheka. Mume wangu alikuwa kwenye kile kiti cha mlangoni anachokaa siku zote, maana ukweni hasogei mbali na mlango. Aliinamisha uso akatazama vidole vyake. Wiki hiyo tulikuwa tunatoa bluu.

Wiki nzima hakununa. Ni heri angenuna, mtu aliyenuna namjua nitamfanyaje. Alikula, akasema ahsante, akauliza hali ya mama, akalala. Mimi nikajiambia, aa, yameisha, mwanaume gani atakufa kwa mzaha mmoja. Moyoni nilijua kwamba hayajaisha, nikajitia hamnazo.

Basi Jumapili hii mvua ya alfajiri ikaangusha nguzo kubwa huko njiani, umeme wa mji ukakatika. Ujumbe ukaja kwenye simu kwamba mafundi watafika jioni. Nikakimbia kwa mama na khanga ya kulalia. Nikamfungulia mtungi wa hewa wa akiba, nikautazama mshale: robo. Mtungi wa pili ulikuwa umepelekwa mjini kujazwa, na huko nako giza ni lile lile. Nikapiga simu hospitali. Wakasema wao wenyewe wanapokezana mitungi, tumlete kama tuna hewa ya kumfikisha. Hewa ya kumfikisha ilikuwa hiyo robo, na barabara ilikuwa imekatwa na maji. Jirani mwenye sola akaja na betri yake, Mungu ambariki, ikawasha taa na redio basi, mashine ya mama ilipochomekwa ikakoroma kidogo ikanyamaza.

Nikampigia kaka. Alikuwa ameshafika kiwandani, maana Jumapili boila hubaki na moto mdogo wa kulilinda, na zamu ilikuwa yake. Kuna jenereta ndogo ya dizeli ya kuamshia pampu tu, waya wake haufiki kokote, lakini akishaamsha pampu anaweza kuamsha mtambo, na mtambo ukiamka nyumba zetu zina umeme. Akasema nimwambie mama alale, mwanawe yupo. Nilimpenda kaka yangu dakika ile, siwezi kusema uongo.

Nikarudi nyumbani mbio kuchukua shuka za kumwinulia mama mgongo. Namkuta mume wangu anavaa ovaroli. Jumapili. Mama mkwe wake anaishiwa hewa, yeye anavaa nguo za kazi. Damu ikanipanda, na mimi damu yangu haina ngazi, inaruka.

“Mama yangu anakata roho,” nikamwambia, “na wewe Jumapili hii unakwenda kufua nini?”

Maneno hayo nimeyasema mimi. Si kaka, si watoto wa jirani. Alifunga kifungo cha mwisho cha ovaroli, akanitazama kidogo, akatoka. Nikadhani anakwenda kununia huko mbele ya safari. Nikabeba shuka zangu.

Umeme ukarudi mtungi ukiwa unakaribia kuisha kabisa. Mashine ikalia ule mlio wake wa kuamka, mama akafumba macho, kifua kikatulia. Nikakaa sakafuni. Mama Pacha, jirani yetu, aliyekuwa ananisaidia, akasema kumbe kaka yako mwanaume, nikaitikia kwa majivuno kabisa, huyo ndiye kaka yangu.

Hapo ndipo mngurumo ukaanza. Madirisha yakatetemeka, mbwa wakaingia uvunguni, watu wakatoka nje kuuliza kuna nini. Juu ya paa la kiwanda lilikuwa limesimama wingu jeupe, nene, na manyunyu ya uvuguvugu yakaanza kudondokea nguo zilizoanikwa. Mtu mmoja akasema kiwanda kimeanza kupika mawingu, wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nimezaliwa kwenye nyumba hizi, sauti ya bomba lile naijua. Hakuna anayetia rangi Jumapili, mapipa yamelala, mvuke ukitoka mtamboni hauna pa kwenda. Kaka alikuwa anautoa angani, kama alivyoapa.

Mnaweza kusema, na yeye autoe, si umeme unapatikana? Unapatikana, ila kuna suala la maji. Mvuke unaokwenda mapipani unarudi ukiwa maji, boila linayanywa tena. Unaokwenda angani umekwenda. Na boila halinywi maji ya kisima hivi hivi, linakunywa maji yaliyotolewa chumvi, nayo yanakaa kwenye tangi moja, na kuyatengeneza mengine ni kazi ya polepole. Tangi likikauka unazima moto, hakuna mjadala. Jioni ilikuwa mbali. Nikamwomba Mama Pacha akae na mama, nikaenda kiwandani huku nimeziba masikio.

Chumba cha mtambo kilikuwa cha moto kama ndani ya chungu. Kaka amesimama mbele ya kile kioo kirefu kinachoonyesha maji ya tangi, ovaroli nyeupe imemganda mgongoni. Maji yalikuwa chini ya nusu na yalikuwa yanashuka huku nayaona. Nikamuuliza kwa kupiga kelele yatafika jioni? Akasema bado yapo. Nikasema siulizi kama yapo, nauliza yatafika? Akarudisha macho kwenye kioo.

Ukutani pana simu ya ndani, nyeusi, yenye vitaa vidogo vya kuonyesha idara inayopiga. Katika ule mngurumo huwezi kuisikia, lakini kitaa cha chumba cha rangi kilikuwa kinawaka na kuzimika. Kikatulia. Kikaanza tena. Nikamwonyesha kaka kwa kidole. Akageuza uso.

Nikamsogelea sikioni nikamwambia apokee. Akasema huyo ni mumeo, amekuja kazini Jumapili makusudi, amekaa huko anasikia ninavyoutupa mvuke, anataka kunicheka. Nikamuuliza amepiga tangu lini. Akasema tangu alipowasha mtambo, na kwenye simu ya mkononi kapiga pia, mpaka kaka akaizima yake. Tena akasema, kwa kujisifu, kwamba dobi alimtuma kibarua wake mmoja na yeye akamtimua mlangoni kabla hajafungua kinywa.

“Kaka,” nikasema, “maji hayo yakiisha, na mama anaisha.”

Akasema anajua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alijua. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelia au anayetaka kulia, na mkono wake haukwenda kwenye simu. Nimewahi kuona watu wakali, walevi, wezi, lakini sijawahi kuona mtu anamtazama mama yake akishuka kwenye kioo, pole pole, na kitu pekee kinachomzuia ni kwamba wiki iliyopita alichekesha watu. Nikaona haya kwa ajili yake hadi uso ukanichoma. Halafu nikakumbuka nani alicheka wa kwanza.

Nikampiga kikumbo, nikanyakua simu, nikaziba sikio la pili kwa kidole.

“Shemeji, fungua valvu ya huku,” sauti ya mume wangu ilisema, bila salamu, bila hasira. “Mapipa yote yamejaa maji baridi tangu asubuhi. Yanausubiri mvuke.”

Nikasema ni mimi. Kisha akauliza mama anaendeleaje. Nikasema anapumua. Akasema basi mwambie afungue, akakata.

Nilimweleza kaka. Akauliza amesema nini kingine. Nikamjibu hakuna kingine. Akauliza tena, hakusema kitu? Hata kidogo? Nadhani angelipwa tusi moja angesimama wima akalipokea, wangekuwa wamelingana. Hakulipwa. Akaenda kwenye gurudumu la valvu ya chumba cha rangi, akalizungusha kwa mikono miwili, halafu akalifunga bomba la angani. Mngurumo ukakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata nikasikia pampu zinavyohema na mtu huko nje anavyosema, eh, wamechoka. Tukakodolea kioo. Maji yakasimama. Baada ya kitambo, maji ya kurudi yalipoanza kuingia kutoka mapipani, yakapanda kidogo.

Kaka akakaa juu ya ndoo ya mafuta iliyopinduliwa, akajifunika uso na tambara. Nikamwacha.

Nikavuka uwanja kwenda chumba cha rangi. Mlangoni nilipigwa na joto na ukungu, sikuona mtu, nikasikia tu maji. Walikuwa watatu, mume wangu na watu wake wawili aliowatoa majumbani. Nilidhani pipa likishajazwa maji basi. Kumbe pipa likichemka linakinai, halipokei mvuke tena. Kwa hiyo walikuwa wanalifungulia maji ya moto yaende mtaroni, wanavuta mpira wa kisima, wanalijaza baridi upya, na wakimaliza la mwisho la kwanza limeshachemka. Hakuna kitambaa, hakuna rangi. Walikuwa wanachemsha maji na kuyamwaga, ili mwanamke mmoja apumue kwenye nyumba ile ya kona. Mmoja wa wale wawili alikuwa ndiye aliyetimuliwa na kaka, naye aliniamkia vizuri.

Mume wangu alikuwa juu ya ngazi fupi, mikono ndani ya mvuke mpaka viwiko. Nikamuuliza kwa nini hakwenda mwenyewe kumwambia kaka. Akasema angekwenda, shemeji angeona amekuja kumkoga, na wangepoteza muda kwa ugomvi. Alidhani simu ni rahisi zaidi, mtu akiwa peke yake na simu haoni haya. Nikataka kumuuliza, na mimi je, mbona asubuhi hukuniambia unakokwenda? Nikaufunga mdomo. Nilikumbuka kwamba nilimuuliza, na namna nilivyomuuliza.

“Rudi kwa mama,” akasema. “Hapa tunajitosheleza.”

Nikarudi. Mchana wote mashine ilikoroma bila kusita. Wanawake walikwenda na ndoo kuchota maji ya moto mtaroni, mtaa mzima ukaoga maji ya moto Jumapili ile, na walikuwa wanamsifu kaka. Nilikuwa dirishani nawasikia. Mtu akikuuliza kama mimi ni mwoga, mwambie hapana, nimeshapigana na wachuuzi sokoni na wasimamizi kazini. Lakini sikutoa kichwa nje kusema neno.

Umeme wa mji ulirudi kabla ya magharibi. Walipozima mtambo wakaja wote wawili kwa mama, kila mmoja kwa njia yake. Kaka akasimama miguuni pa kitanda. Mume wangu akaketi kwenye kiti chake cha mlangoni, nguo zimemlowa. Mama Pacha alikuwepo, na majirani wengine waliokuja kutoa pole na kusikiliza habari. Mama alikuwa amepata nguvu, na mama akipata nguvu anapata na maneno. Akamshika kaka mkono, akamshukuru, akamwombea kila la heri. Kaka alikuwa anatazama ukuta. Kisha mama, kwa pumzi zake za kukatakata, akageukia mlangoni kwa utani.

“Ningemtegemea Dobi,” akasema, “saa hizi mngekuwa mnanifunika shuka.”

Hakucheka mtu. Majirani walitazamana. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na siyo namna ya kusema tu, nilitazama sakafu kweli. Katika kile kimya akacheka mume wangu, peke yake, kicheko kifupi cha adabu, ili mama asione kwamba mzaha wake umeanguka. Alicheka kwa ajili ya jina letu sote, na alikuwa amechoka kiasi kwamba kicheko kilitoka na kikohozi.

Nilingoja kaka aseme. Nikahesabu moyoni, nikasema huyu asiposema nitasema mimi, na nikajua kwamba nami sitasema, maana nikianza kueleza itabidi nieleze na yangu. Kaka akauachia mkono wa mama.

“Mama, ni yeye,” akasema. “Mimi nilikuwa naumaliza uhai wako angani, wewe ukidhani nakuokoa. Alinipigia simu tangu asubuhi nisipokee.”

Akaeleza yote, kwa sauti iliyokuwa inapotea kila sentensi, mbele ya watu wale wale aliozoea kuwachekesha. Hakujitetea. Hata yule mtu aliyemtimua mlangoni hakumruka. Akamaliza akatazama chini, mikono nyuma, mwanaume wa mvi.

Mama akamtazama mkwe wake. Akamwita. Mume wangu akainuka nusu, akakaa. Ukweni, na nguo zimelowa. Mama akamwita mara ya pili, “Njoo hapa, mwanangu,” na huku anamwita akautoa mpira puani, kama mtu anayevua kofia ili aongee na wa heshima. Akafungua kinywa. Nikaona neno lenyewe midomoni mwake, nisamehe, lakini hewa ya kulisukuma haikuwepo. Macho yakaanza kutafuta huku na huku.

Mume wangu akavuka chumba. Tangu anioe hakuwahi kufika kwenye kitanda kile. Akapiga goti, akauchukua mpira, akaurudisha puani kwa mama kwa vidole viwili, taratibu. Nikaviona vidole vyake. Vilikuwa vimesinyaa, vyeupe, safi hadi kwenye mizizi ya kucha. Maji ya moto ya kutwa nzima yalikuwa yameondoa rangi yote. Sijawahi kuviona hivyo, hata siku ya harusi.

“Pumua kwanza, mama,” akamwambia. “Hayo mengine yapo.”

Mama akapumua. Machozi yalikuwa yanamteremkia masikioni, na mume wangu akayafuta kwa kona ya shuka, akarudi kwenye kiti chake.

Tukaenda nyumbani, ukuta wa tatu, njia fupi. Nilimwandalia maji akasema ameoga vya kutosha leo, nikacheka kidogo, naye akacheka kidogo, tukalala. Kaka siku hizi anamwita kwa jina lake, jina lenyewe kalisahau mara mbili ikabidi aulize. Wale watoto wa jirani wamegombezwa. Mama ameshasema neno lake, alilisema Jumatatu, akiwa na hewa.

Mama alikosa pumzi, ndiyo maana alichelewa. Mimi pumzi ninazo, mapafu yangu mazima, mdomo wangu mtaa mzima unaujua. Kila siku najiambia mume wangu akirudi nitamwambia nisamehe, kuhusu kile kicheko na kuhusu yale maneno ya kufua, na kila akirudi nauliza atakula sasa au baadaye. Leo amevaa ovaroli, amefunga kifungo cha mwisho, ameniaga. Nimemjibu kazi njema, basi.